Je, wajua? "Sekunde 30 za bure" hazimo kwenye sheria

Nilipoanza kuandaa vipindi kwenye redio moja ya chuo hapa Dar es Salaam, niliambiwa, nami nikaamini, kwamba ukikata wimbo usizidi sekunde 30 hudaiwi. Basi nikawa nakata vionjo huku jicho liko kwenye saa ya kompyuta: 28, 29, hapo hapo.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina hesabu hiyo. Wala Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi na wasanii, ambao Tanzania imo tangu 1994. Mkataba unaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachohitajiwa na lengo, kwa haki, na chanzo kitajwe. Kinachopimwa ni kazi ya kipande. Ukichambua upigaji wa gitaa la dansi na kuweka sekunde 40 ili msikilizaji asikie unachokieleza, una hoja. Gitaa hilo hilo likipita sekunde 8 kila asubuhi chini ya sauti ya mtangazaji, kwa kuwa linapendeza tu, huna. Yaani kipande kifupi ndicho chenye kesi!

Mkataba unaacha pia nafasi ya kutumia kazi ya mtu kwenye vipindi vya kufundishia. Ila kipindi cha salamu hakigeuki somo kwa sababu mtambo uko chuoni.

Lililonifungua macho zaidi ni kwamba rekodi moja ina haki mbili. Fikiria pilau. Kuna aliyebuni mapishi, na kuna aliyewasha jiko akapika sufuria hii. Mtunzi wa wimbo ndiye mwenye mapishi, na haki yake ni hakimiliki. Mwimbaji na prodyuza ndio waliopika, na yao ni hakishiriki. Mwanafunzi akiuimba wimbo wa mtu studioni, amechukua mapishi tu. Ukiipiga rekodi yenyewe, umegusa mapishi na sufuria.

Ndiyo maana mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, ni huru kabisa, kwani ulinzi wa mtunzi huisha miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini msanii akiyaimba leo, rekodi yake si huru.

Kiashiria cha kipindi changu, yaani muziki wa kukifungulia, sasa kimetungwa na mwanafunzi mmoja, kikapigwa na kurekodiwa na mwenzake. Karatasi ya ruhusa ina sahihi mbili.