Petali Nne Nyeupe Hazitambulishi Mmea: Haradali za Juu Milimani

Dhana: Picha ya ua ikiwa safi, jina la mmea litapatikana.

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote. Waongoza watalii wa Kilimanjaro, wanafunzi wanaotoka Mlima Kenya, wapiga picha wenye kamera za bei kubwa, wote huleta picha ileile: ua moja jeupe limepigwa kutoka juu, petali nne zimejipanga kama msalaba, na vilivyobaki vyote ni ukungu. Kisha huuliza, "Hii ni Arabis alpina, ile haradali ya milimani yenye maua meupe, sivyo?" Jibu la kweli ni kwamba hapo haijulikani.

Katika jamii ya haradali na sukumawiki, ua ndilo sehemu inayobadilika kidogo kabisa kutoka mmea hadi mmea. Sepali nne (vijani vinavyofunika ua kabla halijachanua), petali nne, stameni sita (sehemu za kiume zenye chavua) ambazo nne ni ndefu na mbili fupi: maelezo hayo yanaifaa Arabis alpina, yanaifaa ndugu yake Arabidopsis thaliana, yanazifaa nyingi za kundi jingine la haradali, Cardamine, na yanaifaa hata sukumawiki iliyoachwa shambani ikachanua. Panapotokea tofauti, mara nyingi inapotosha. Cardamine hirsuta kwa kawaida ina stameni nne badala ya sita, na petali zake hupungua kufuatana na joto. Ua lingine halina hata moja. Anayehesabu petali kwenye mmea huo atauondoa kwenye jamii yake mwenyewe.

Mambo yanayotenganisha ni matatu: ganda la mbegu, jani la shinani, na nywele.

Anza na ganda. Shada la mimea hii hukomaa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo juu kukiwa na ua, chini yake mara nyingi pana maganda. Tena kwenye milima yetu ya ikweta hakuna majira mamoja ya kuchanua kama kule Alps, milima ya Ulaya. Mimea hupatikana na maua na maganda karibu mwaka mzima. Kwa hiyo "sikukuta maganda" mara nyingi maana yake ni "sikuangalia chini ya ua". Ganda la Arabis alpina ni bapa, urefu sentimita 2 hadi 6, upana kama milimita 2, na limeachana na shina. La Arabidopsis ni jembamba la mviringo, halifiki milimita 1 kwa upana, na urefu wake ni kama sentimita 1 hadi 2. La Cardamine nalo ni bapa, na hapo ndipo watu huteleza. Ligusie kwa ncha ya kidole likiwa limekauka: vifuniko (pande mbili za ganda) vya Cardamine hujikunja ghafla kuanzia chini na kurusha mbegu, ilhali vya Arabis huachia taratibu.

Kisha jani la shinani, si la chini kabisa. Kitako cha jani la Arabis alpina kina masikio mawili yanayolikumbatia shina. La Arabidopsis halikumbatii chochote. La Cardamine limegawanyika kuwa vijani. Cardamine africana, ile ya kivuli cha msituni, ina vijani vitatu.

Mwisho nywele. Swali si kama zipo, bali ni za namna gani. Arabis ina nywele zenye matawi, nyingine kama nyota. Arabidopsis ina za mti mmoja, yaani zisizo na matawi, zilizochanganyika na za panda mbili au tatu kwenye majani ya chini. Cardamine ina za mti mmoja tu, au haina kabisa. Lenzi ya mkononi ya mara 10 inatosha, ila ishikwe ipasavyo: ibandike karibu na jicho, halafu ulete jani hadi sentimita 2.5 hivi kutoka kwenye lenzi. Likunje jani changa juu ya kidole, ukingo uelekee mwanga, ili nywele zisimame pembeni mwa jani. Asubuhi yenye ukungu subiri likauke, maana nywele zilizolowa hulala na matawi hayaonekani. Jani kuukuu lisikuhukumie. Nywele zake zimekwisha sugulika.

Kwa hiyo picha ziwe nne: ganda kutoka ubavuni, jani la shinani mahali linapoungana na shina, majani ya chini, na ua likiwa la mwisho. Weka rula au sarafu kwenye kila moja. Bila kipimo, petali ya milimita 3 na ya milimita 8 zinalingana kabisa kwenye simu.

Dhana: Kila ua la petali nne ni la haradali. Epilobium ina petali nne, lakini stameni ni nane na ovari (sehemu inayokuwa ganda la mbegu) iko chini ya petali, ndefu kama kikonyo. Galium ina nne zilizoungana chini, na majani yamezunguka shina kama taji. Sekunde tano tu.

Dhana: Kadiri unavyopanda, mmea ukiwa mfupi basi ni spishi nyingine. Baridi ya kila usiku hufupisha shina la mmea uleule. Arabis chini ya mwamba wenye unyevu hurefuka. Mwenzake aliye wazi kwenye upepo hujibana na ardhi. Masikio ya majani na nywele havibadiliki. Oreophyton falcatum, haradali nyingine ya huko juu, ni habari nyingine: haina shina la maua kabisa, na vikonyo vinatoka moja kwa moja katikati ya majani yaliyolala chini. Ukiona jani hata moja shinani, si yenyewe.

Dhana: Arabis alpina ililetwa na Wazungu. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jina mwaka 1753 kutokana na mimea ya Ulaya, na jina hilo, alpina, yaani ya Alps, ndilo linalowachanganya watu. Utafiti wa vinasaba unaonyesha asili yake ni Asia Ndogo (eneo la Uturuki ya leo), na kwamba ilifika milima ya Afrika Mashariki yenyewe, zaidi ya mara moja, zamani sana kabla ya bustani yoyote.

Dhana: Lazima uung'oe ili uutambue. Hapana. Yote yaliyoelezwa hapa hufanyika mmea ukiwa umesimama, na ndani ya hifadhi kuchuma bila kibali ni kosa. Hata Subularia monticola, ile ndogo ya kwenye madimbwi na matope yenye majani kama misharasi, hutambulika kwa kupiga magoti: ganda lake ni fupi na nene, karibu la yai, na hakuna haradali nyingine ya huko juu yenye majani ya namna hiyo.