Je, wajua kwa nini China na Brazili ziliamua kutengeneza setilaiti pamoja?

Brazili ina msitu wa Amazon. China ina majangwa, milima na mashamba yasiyo na mwisho. Maeneo kama hayo hayakaguliki kwa miguu. Lakini katika miaka ya 1980 picha za ardhi kutoka angani ziliuzwa ghali, na waliokuwa na setilaiti za kuzipiga walihesabika. Ndipo Julai 1988 nchi hizo mbili zikatia saini mkataba wa kutengeneza setilaiti zao wenyewe, zikaziita CBERS.

Kila upande ulikuwa na lake. China ilikuwa imerusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1970, na roketi ilikuwa nazo. Brazili haikuwa na roketi ya kazi hiyo, ila wataalamu wake walikuwa wakipokea na kuchambua picha za setilaiti za Marekani tangu 1973. Gharama zikagawanywa: China asilimia 70, Brazili 30.

Haikuwa kazi ya haraka. CBERS-1 iliruka Oktoba 1999, miaka kumi na moja baada ya mkataba! Hata hivyo, naona faida kubwa ya Brazili ilianzia humo humo katika kuchelewa, kwa sababu wahandisi wake walikuwa wakijifunza kwa kutenda. CBERS-2, iliyorushwa 2003, iliunganishwa na kufanyiwa majaribio Brazili kwenyewe, katika taasisi ya utafiti wa anga ya INPE, mjini São José dos Campos. Kwa setilaiti zilizofuata za CBERS-3 na 4, gharama na kazi ziligawanywa nusu kwa nusu. Mwanafunzi alishakuwa mshirika kamili.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2004 Brazili ilianza kuwapa wananchi wake picha za CBERS bure kupitia intaneti. Mtafiti, mwalimu au ofisa wa misitu aliweza kuzipakua bila kulipa chochote. Marekani ilifungua hazina ya picha za setilaiti zake za Landsat kwa wote mwaka 2008. Na kabla ya hapo, mwaka 2007, katika mkutano wa Cape Town, China na Brazili zilikuwa zimetangaza kwamba picha za CBERS zitatolewa bure kwa nchi za Afrika pia.

Pigo lilikuja Desemba 2013: roketi ya China ilipata hitilafu na CBERS-3 ikapotea. Washirika hawakukaa kulaumiana, wakaharakisha CBERS-4, ikaruka mwaka mmoja baadaye. Picha zake zilikuja kutumiwa na INPE kufuatilia ukataji wa miti Amazon.

Ujuzi huo ndio uliozaa Amazonia-1, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza ardhi iliyobuniwa na kujaribiwa na Wabrazili wenyewe. Ilirushwa Februari 2021, safari hii kwa roketi ya India.