Kubungua bongo ni nini, na mada ya utafiti inatoka wapi?

Jumamosi iliyopita mtoto wa dadangu alikuja kwangu Kahawa Wendani na laptopu kwapani na uso umekunjamana. Yuko mwaka wa nne chuo kikuu, na msimamizi wake amemrudishia mada ya utafiti mara ya tatu, na kila mara maneno ni yaleyale pembeni kwa wino mwekundu: "Pana mno." Akaniuliza, "Anti, pana mno ni kusema nini? Si wao ndio walituambia tubungue bongo tulete chochote?" Nikaona swali lake ni la haki kabisa, manake wanafunzi wengi huambiwa tu nendeni mbungue bongo mje na mada, na hakuna mtu anakaa nao chini kuwaeleza kubungua bongo ni nini, mada yenyewe ni nini, na mtu anatokaje hapa kufika pale. Basi naandika hapa yale tuliongea na venye tulifanya, huenda kuna mwingine amekwama hapohapo.

Tuanze na neno. Kubungua ni kazi ya fukusi. Kama umewahi kufungua gunia la mahindi lililokaa sana stoo unajua, punje kwa nje ni nzima lakini ina katundu kadogo na chini ya gunia kuna unga, yule mdudu ametoboa polepole akaingia mpaka kwenye kiini. Sasa kubungua bongo ni hivyo, ni kuichimba akili yako mpaka itoe unga, yaani mawazo mengi, makubwa na madogo, ya maana na ya ajabuajabu, bila kuyachagua kwanza. Si kukaa ukiangalia dari ukingoja wazo moja zuri likushukie. Wengi wetu tunafanya hiyo ya dari halafu tunasema tumebungua bongo.

Mbinu hii ilipata umaarufu kupitia Mmarekani mmoja, Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, ambaye mwaka 1953 aliandika kitabuni sheria zake nne: toa mawazo mengi iwezekanavyo, usilikosoe wazo lolote wakati bado yanatoka, karibisha hata yale ya kushangaza, na ujenge juu ya wazo la mwenzako. Hiyo ya kutokosoa ndiyo roho ya mambo yote. Kutoa mawazo na kupima mawazo ni kazi mbili tofauti, ukizifanya pamoja moja inaua nyingine, unaandika mstari mmoja unafuta, unaandika mwingine unasema msimamizi atacheka, na baada ya saa nzima karatasi ni nyeupe pe.

Lakini Osborn aliamini kikundi ndicho kinatoa mawazo mengi kuliko mtu pekee, na hapo watafiti waliokuja baadaye walimpinga. Mwaka 1958 huko Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja kivyake halafu mawazo yao yakakusanywa pamoja, na hawa wa kivyao ndio walitoa mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu moja kubwa: kwenye kikundi anaongea mtu mmoja kwa wakati, wewe unangoja zamu, na ukingoja wazo lako linapotea ama unaliona halifai tena. Ukiwahi kukaa kwenye discussion ya kampasi unajua hii ni kweli, wawili wanaongea na wengine sita wanaitikia. Kwa hivyo mimi nashauri uanze peke yako na karatasi, kikundi kije baadaye.

Ndivyo tulifanya. Nikamwambia funga laptopu, weka simu jikoni, chukua kalamu. Dakika ishirini, andika kila kitu kinachokukera, kinachokushangaza ama umewahi kujiuliza ukiwa njiani, na usifute hata kimoja. Akaanza vizuri sana: mitandao ya kijamii, mihadarati, mimba za mapema, ukosefu wa ajira, afya ya akili. Dakika ya sita akasimama akasema yameisha. Hapo ndipo watu huacha, na hapo ndipo kazi inaanza enyewe, kwa sababu hayo matano ya kwanza si yake, ni ya kila mtu, ni yale tunayasikia kwa habari ya saa moja jioni. Nikamwambia endelea hata kama ni upuuzi. Akanyamaza, akauma kalamu, halafu yakaanza kuja mengine. Kwa nini makanga wa njia yao hupandisha nauli mvua ikinyesha kidogo tu. Kwa nini mamake hanunui mboga kwa kibanda cha karibu. Na namba 19, nakumbuka vizuri: "Mbona mtungi wa maji ya mkokoteni si bei moja kwa kila nyumba?" Anakaa Kayole, mtaa wa hapa Nairobi, na siku za mgao wa maji bomba likikauka wananunua maji. Akaandika hiyo, akaiangalia, akataka kuifuta, akasema hiyo si ya shule. Nikamshika mkono.

Sasa mada. Hapa ndipo "pana mno" inaingia. Kuna somo, kuna mada, na kuna swali la utafiti, na watu wanavichanganya vyote vitatu. Maji ni somo. Mgao wa maji Nairobi bado ni kubwa, hapo uko na jiji ambalo sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073, uko na bwawa la Ndakaini huko Murang'a, uko na mabomba, visima, siasa, utaanzia wapi? Mada inaanza kuonekana ukitaja ni watu gani, mahali gani, wakati gani na jambo gani hasa linalofanyika kati yao. Swali ndilo linamaliza kazi, manake swali linaweza kujibiwa na somo haliwezi kujibiwa. Huwezi kujibu "maji". Unaweza kujibu "wapangaji wa Kayole wanaamuaje wanunue maji wapi siku ambazo bomba halitoki?"

Mada yake ya kwanza ilikuwa "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana nchini Kenya." Tuikate tuone. Vijana gani? Katiba ya 2010 inamhesabu kijana kuanzia miaka 18 hadi kabla hajafika 35, kwa hivyo humo ndani kuna msichana wa fasti-yia anayelala hosteli na kuna baba wa watoto watatu anayeendesha boda Githurai, na wote wawili wanatumia simu kwa sababu tofauti kabisa. Mitandao ipi? Athari zipi, za usingizi, za pesa, za masomo? Nchini Kenya, kaunti 47, kwa nauli ya nani? Msimamizi akiandika pana mno hamaanishi wazo ni baya, anaona maswali kama hamsini yamejificha kwa sentensi moja na anajua utaishia kuyagusa yote bila kujibu hata moja. Na nasema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu tumezoea ule muundo wa "Athari za hiki kwa kile: mfano wa kaunti ndogo fulani", unajaza mapengo kama fomu, mada inasikika ya kisomi lakini mwenye mada mwenyewe hakuna kitu anataka kujua. Miezi sita ni mirefu sana kukaa na kitu hutaki kukijua.

Ukishamaliza kutoa ndipo unaruhusiwa kupima. Cha kwanza ujiulize kama unajali jibu. Cha pili, wengine wamesema nini, na hapa kuna kitu nataka kila mwanafunzi akijue: ingia kwenye hazina ya tasnifu ya mtandaoni, Chuo Kikuu cha Nairobi kinayo na vyuo vingine vikubwa pia vinazo, fungua tasnifu iliyo karibu na wazo lako na uruke moja kwa moja hadi sura ya mwisho. Karibu kila moja ina sehemu ya mapendekezo ya utafiti zaidi. Huyo mtu alikaa na jambo hilo mwaka mzima ama miwili na anakuambia bure kabisa alikofika na pengo liko wapi. Watu wanazunguka Google Scholar wiki mbili wakitafuta pengo na limeandikwa pale.

Cha tatu ndicho huangusha wengi, nacho ni kama kazi inawezekana. Piga hesabu ya kawaida kama ya sokoni. Nyumba 40, mahojiano ya nusu saa kila moja, hayo ni masaa 20 ya kuongea tu, bado hujatembea, bado hujangoja mama arudi kazini, bado hujaandika ulichosikia. Kibali nacho, NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, ndiyo inatoa leseni za utafiti hapa Kenya na utaulizwa barua ya chuo, kwa hivyo usingoje wiki ya mwisho. Ukitaka kuhoji watoto wa chini ya miaka 18 utahitaji ridhaa ya wazazi pia, na majina na namba za simu za watu unaowahoji zinalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Mada nzuri isiyowezekana kwa muda na mfuko wako, kwako si mada nzuri.

Kuna pia kukata kupita kiasi, ukabaki na ploti moja yenye nyumba nane, lakini hiyo hutokea mara chache na msimamizi huiona haraka.

Jioni ndipo tukaleta kikundi. Akawatumia marafiki watatu kwa WhatsApp yale mawazo matatu yaliyobaki kwenye karatasi baada ya kupima, akawaambia kila mmoja amjibu yeye peke yake kwanza ndio wasifuatane. Mmoja anayekaa mtaa wa Pipeline akauliza: na ploti zenye kisima chao je, hao keateka (watunza ploti) wanawauzia majirani? Hilo hatukuwa tumeliwaza wote wawili, na lilibadilisha swali, kwa sababu sasa kulikuwa na aina mbili za wauzaji si moja. Akaandika upya: "Wapangaji wa ghorofa za Kayole wanachaguaje kati ya maji ya mkokoteni na ya kisima cha ploti siku za mgao, na bei inapangwa na nini?" Akaisoma kwa sauti mara mbili. Nikamwambia kabla hujamtumia msimamizi nenda ukaangalie kwa macho, si kukusanya data, ni kuangalia tu kama jambo lenyewe liko kama unavyolifikiria.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikapata meseji yake. Alikuwa kwenye kisima, watu wanajaza mitungi ya lita 20, ameongea na kijana mmoja wa mkokoteni. "Anti, huyu anasema bei haipangwi na maji. Inapangwa na ngazi. Chini ni bei moja, ukifika floo ya tatu ni ingine, na floo ya sita wengine hawapandi kabisa. Sasa niongeze floo kwa swali ama?"

Nikamjibu aongeze.