Kombe la Mfalme la kikapu: namba zipi za kuamini kabla ya kuweka dau

Málaga, Februari 2014. Fainali ya Kombe la Mfalme la Hispania, Barcelona wako mbele, saa inakaribia sifuri. Sergio Llull anaruka, anaachia mpira, unaingia. Real Madrid 77, Barcelona 76. Tangu siku ile kila jedwali linasema "2014: bingwa Real Madrid". Mpira ule ungegonga chuma ukarudi, jedwali lingesema Barcelona, na ubora wa timu zote mbili ungebaki vilevile. Kazi yangu ni kuchambua takwimu za kikapu, na kwa kila anayebeti kwenye kombe hili natamani aanze na picha hiyo kabla hajafungua ukurasa wa odi, yaani viwango vya malipo ya dau.

Kwanza muundo, maana namba nyingi zinatokana nao. Ligi ya Hispania, ACB, ina timu 18. Zikimaliza raundi 17, yaani kila timu imekutana na kila nyingine mara moja, saba za juu zinafuzu, na ya nane ni mwenyeji wa mashindano. Mwenyeji akiwa tayari yumo ndani ya saba bora, nafasi inakwenda kwa timu inayofuata kwenye msimamo. Nne za juu zinatenganishwa kwenye droo ili zisikutane robo fainali. Halafu kila kitu kinachezwa ndani ya siku nne za Februari, jiji moja, ukumbi mmoja: robo fainali mbili Alhamisi, mbili Ijumaa, nusu fainali Jumamosi, fainali Jumapili. Mechi saba tu, na ukipoteza unafungasha.

Hapo kwenye raundi 17 pana mtego wa kwanza. Namba 17 haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo kuna timu zilizocheza nyumbani mara tisa na nyingine mara nane. Tena ratiba ndiyo iliyoamua nani aliwapokea Real Madrid na Barcelona kwake na nani aliwafuata ugenini. Timu ya nne na ya saba zinaweza kutofautiana kwa ushindi mmoja uliotokana na ratiba peke yake, lakini moja inaingia kwenye droo ikiwa imekingwa na nyingine inatupwa mbele ya wakubwa. Mtu akikuonyesha msimamo kama ushahidi wa nguvu, muulize timu hizo zilikutana na nani, na wapi.

Mtego wa pili ni hesabu ya mtoano yenyewe. Chukua timu bora kabisa, yenye nafasi ya asilimia 70 kushinda kila mechi. Ili ibebe kombe lazima ishinde tatu mfululizo: 0.7 mara 0.7 mara 0.7 ni 0.343. Asilimia 34. Timu ambayo kila mtu anaiita bingwa mtarajiwa inaondoka mikono mitupu karibu mara mbili katika kila tatu. Timu hiyohiyo kwenye mfululizo wa mechi tano, ambapo anayefikisha ushindi wa tatu ndiye anayepita, ina nafasi ya asilimia 84 kwa kila mfululizo. Ndiyo maana simwelewi mtu anayechukua rekodi ya timu kwenye mchujo wa ligi na kuihamishia kwenye kombe bila kuigusa. Odi ya haki kwa timu yetu ya mfano, yaani 1 gawa kwa 0.343, ni 2.92. Ukiiona imewekwa 2.20, unalipia jina.

Na majina hapa ni mazito. Kuanzia 2010 hadi 2022 yamechezwa makombe 13, na yote yalikwenda kwa timu mbili: Barcelona saba, Real Madrid sita. Aliyebeti kwa kufuata historia peke yake alijiona mtaalamu. Halafu ikaja 2023 mjini Badalona: Unicaja ya Málaga iliitoa Barcelona, ikaitoa Real Madrid, ikaifunga Tenerife 83-80 kwenye fainali. Wakasema ni bahati ya siku moja. Mwaka 2025, huko Gran Canaria, Unicaja ikarudi na kuifunga Real Madrid 93-79 kwenye fainali.

Sasa fainali zenyewe. Nimeziandika kwenye daftari moja baada ya nyingine, 2014 hadi 2025, jumla kumi na mbili. Tofauti za pointi ni hizi: 1, 6, 4, 2, 2, 1, 27, 15, 5, 3, 11, 14. Nane kati ya kumi na mbili ziliamuliwa kwa pointi sita au pungufu. Hili nalipa uzito kwa sababu lina chanzo kinachoeleweka. Timu mbili zilizofika Jumapili kwa kawaida zinakaribiana. Anayempa mpinzani pointi nane au tisa za handikapu (pointi za kuongezewa kwenye hesabu ya dau) kwenye fainali anapaswa kuwa na sababu nzito kuliko "Madrid ni Madrid".

Jumla ya pointi ni hadithi nyingine. Fainali hizo kumi na mbili zina wastani wa pointi 166. Utaona watu wanaunadi wastani kama huo kama ufunguo wa soko la juu au chini ya mstari, yaani kubashiri kama jumla itazidi au itapungukia namba iliyowekwa na kampuni. Tazama ulikotoka: fainali ya 2022, Barcelona 64, Real Madrid 59, jumla 123. Fainali ya 2017, Real Madrid 97, Valencia 95, jumla 192. Pengo la pointi 69! Mtawanyiko wa kawaida, yaani kipimo cha umbali wa fainali moja moja kutoka kwenye wastani, ni kama pointi 18, maana yake wastani huo wenyewe, kwa fainali kumi na mbili tu, unaweza kuyumba pointi tano huku au kule bila chochote kubadilika uwanjani. Kampuni ya kubashiri ikiweka mstari wa 162.5, wastani wangu wa 166 haunipi sababu yoyote ya kuweka hata euro moja. Isitoshe ndani yake mna fainali ya 2019 iliyokwenda muda wa nyongeza, dakika tano za ziada zilizovimbisha jumla hadi 187.

Takwimu inayopendwa kuliko zote ni laana ya mwenyeji. Tangu Baskonia ilipobeba kombe nyumbani kwake Vitoria mwaka 2002, hakuna mwenyeji aliyelitwaa hadi 2025. Makombe 23 mfululizo. Inasikika kama uchawi, na kila Februari watu wanaweka pesa dhidi ya mwenyeji kwa sababu hiyo pekee. Nimekaa nayo kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaifungua taratibu.

Kama kila mwenyeji angekuwa na nafasi ya asilimia 10, uwezekano wa kukosa mara 23 mfululizo ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara 23, karibu asilimia 9. Jambo la namna hiyo linatokea bila laana yoyote. Lakini wenyeji hawakuwa wote wanyonge. Kombe lilichezwa Madrid miaka ya 2006, 2009, 2011, 2019 na 2021, na Barcelona mwaka 2012. Ukizipa timu kubwa za miji hiyo nafasi ya theluthi moja kila mara, na wenyeji wengine 17 asilimia 8, uwezekano unashuka hadi kama asilimia 2. Hapo nakubali kuwa kuna kitu, ila kitu chenyewe si laana. Tiketi za kombe hili hugawiwa kwa mashabiki wa timu zote nane, kwa hiyo ukumbi wa "nyumbani" unakuwa na rangi nane na kelele zake hazina upande mmoja. Mwaka 2012 Barcelona walicheza Palau Sant Jordi, si Palau Blaugrana wanamocheza siku zote. Mwaka 2021, kwa sababu ya korona, hapakuwa na mashabiki. Faida ya nyumbani inapungua, na hilo ndilo la kuingiza kwenye hesabu: punguza pointi ambazo ungempa mwenyeji kwenye ligi. Kumfanya adui kwa sababu ya miaka 23 ni kuvuka mpaka wa ushahidi.

Basi nategemea nini? Ufanisi kwa shambulizi, yaani pointi ambazo timu inavuna kila inapomiliki mpira, kutoka kwenye mechi za ligi, zilizo nyingi kuliko mechi za kombe. Pointi kwa mechi zinadanganya kwa sababu timu inayokimbia hufunga nyingi na hufungwa nyingi. Hesabu ya mashambulizi ni rahisi: chukua mitupo ya uwanjani, toa ribaundi za kushambulia (mipira ambayo timu inaidaka tena baada ya mtupo wake kukosa), ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo huru ikizidishwa kwa 0.44. Tuseme timu imetupa mara 62, imepata ribaundi 10 za kushambulia, imepoteza mipira 13 na imepewa mitupo huru 20. Hayo ni mashambulizi 73.8. Ikiwa imefunga 82, ufanisi wake ni pointi 111 kwa mashambulizi 100. Fanya hivyo kwa upande wa ulinzi pia, toa moja kwa nyingine, na una namba moja inayosema ukweli zaidi ya msimamo wote wa ligi.

Mchambuzi wa Kimarekani Dean Oliver aliugawa ufanisi huo katika mambo manne: ubora wa mitupo, kupoteza mipira, ribaundi za kushambulia na mitupo huru, na akayapa uzito kwa mpangilio huohuo. Kwenye mtoano natazama zaidi la pili na la tatu. Mitupo ya pointi tatu hupanda na kushuka ovyo kwenye mechi moja. Timu ya asilimia 37 inaweza kuamka na 20 au 55. Utunzaji wa mpira na ribaundi hubadilika kidogo zaidi siku hadi siku, kwa kuwa vinatokana na mazoea ya timu na miili ya wachezaji.

Kasi nayo usiisahau. Mechi ya Ulaya ni dakika 40, si 48 kama ya NBA, kwa hiyo ukichukua namba za NBA kama kipimo cha mashambulizi utapotea mara moja. Timu mbili zikikutana, mwenye mwendo wa polepole huwa na uwezo mkubwa kuliko watu wanavyodhani wa kuiburuta mechi kwenye mwendo wake, hasa pale hofu ya kutolewa inapowafanya makocha wabane mikakati.

Uchovu ni jambo ambalo soko linalijua, ila naona halilipi uzito wa kutosha. Aliyeshinda Alhamisi anapumzika Ijumaa. Aliyeshinda Ijumaa anarudi Jumamosi, na akifika Jumapili itakuwa mechi ya tatu kwa siku tatu. Kwa timu yenye wachezaji kumi na wawili wa kiwango, kama zile zilizozoea kucheza EuroLeague, mashindano ya klabu kubwa za Ulaya, na ligi ndani ya wiki moja, hilo linavumilika. Kwa timu inayotegemea wachezaji saba ni adhabu. Kabla ya nusu fainali nafungua karatasi ya mechi ya robo fainali na kutazama kitu kimoja: nani alicheza zaidi ya dakika 32, na jana au juzi?

Kuhusu odi, jumlisha kabla hujachagua. Tuseme soko la bingwa lina 2.20, 3.50, 8, 9, 15, 21, 34 na 51. Gawa 1 kwa kila moja, jumlisha: unapata kama asilimia 114. Zile 14 za juu ni fungu la kampuni. Kwenye soko la mechi moja lenye 1.90 kila upande, jumla ni 105, na unahitaji kupatia asilimia 52.6 ili usipoteze. Ukiunganisha mechi nne kwenye mkeka mmoja, fungu hilo linajizidisha mara nne. Mkeka ni burudani ghali, na sijawahi kuona takwimu iliyoubadilisha kuwa kitu kingine.

Nchini Hispania kubashiri kunaongozwa na Sheria ya 13 ya mwaka 2011, na ipo daftari ya kitaifa ambamo mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe ili kampuni zote zenye leseni zimfungie mlango. Nimewahi kumsihi rafiki ajiandikishe. Alikuwa anajua hesabu zote nilizoandika hapa, labda kunizidi, na bado alikuwa akifukuzia hasara za Alhamisi kwa kubeti Ijumaa. Alijiandikisha, na nilifurahi kuliko ushindi wowote niliowahi kupata.

Mwisho, soma masharti ya soko unalochagua, hasa kuhusu muda wa nyongeza. Soko la mshindi na la jumla ya pointi kwa kawaida huhesabu dakika za ziada. Soko la matokeo matatu, lenye sare ndani yake, huishia dakika ya 40. Fainali ya 2019 Madrid ilikwenda nyongeza, na Barcelona wakashinda 94-93 kwa kikapu cha Ante Tomić kilichohesabiwa baada ya waamuzi kurudi kwenye video. Aliyeandika "Barcelona" kwenye soko la matokeo matatu aliwaona wakinyanyua kombe, na tiketi yake ilikuwa imekwisha kupotea tangu king'ora cha dakika ya 40.