Kabla ya Kutundika Picha ya "Mtumwa", Igeuze

Picha ya zamani ya watu waliofungwa mnyororo shingoni haikosekani katika maonyesho ya biashara ya utumwa Afrika Mashariki. Mara nyingi picha yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye maandishi yaliyo chini yake. Wapiga picha wa Zanzibar waliuza postikadi kwa wageni, na neno "mtumwa" liliuza.

Soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, ingawa masuria walisubiri hadi 1909. Lakini minyororo haikuisha: bara, chini ya Wajerumani, wafungwa walifungwa shingo kwa shingo na kupelekwa kazini. Ukiitundika picha ya wafungwa hao kama picha ya soko la watumwa, umemvua mkoloni kosa lake na kumvika mwingine.

Basi anza na mgongo wa kadi. Ukiwa na mstari unaotenga anwani na ujumbe, kadi haitangulii 1902 ikiwa ya Uingereza, wala 1905 ikiwa ya Ujerumani. Muhuri wa posta ni kikomo tu: unasema picha ilikuwapo siku hiyo, na huenda ilipigwa miaka 20 kabla. Kisha tazama nguo. Kaniki (kitambaa cheusi) na merikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) zilivaliwa na watumwa wengi, ila maskini huru pia walizivaa. Kanga zenye nakshi ni za mwishoni mwa karne ya 19. Mwanamke aliyejifunga doti si ushahidi wa soko lililofungwa 1873.

Linganisha na picha ya tarehe 1 Novemba 1868, iliyopigwa kwenye meli ya kivita ya Uingereza, HMS Daphne: watoto waliokonda wameketi sitahani baada ya kutolewa jahazini. Hapo tarehe na meli vinajulikana. Hata hivyo mtazamaji aambiwe kuwa kamera ilishikwa na Waingereza, waliokuwa wakikusanya ushahidi wa kazi yao ya kuzuia biashara ya watumwa.

Kwenye kibao cha maelezo, maneno ya zamani yabaki ndani ya alama za kunukuu, na chini yake yaandikwe yaliyothibitishwa: mpiga picha, mahali, mwaka, sababu. Andika "mtu aliyefanywa mtumwa". Usikate kingo, huko ndiko anakosimama askari au baharia. Miili iliyo uchi isikuzwe ikajaza ukuta.

Picha halisi ya zamani iliyochapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai isipate mwanga unaozidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), tena kwa miezi michache tu. Baada ya hapo weka nakala, na uandike kuwa ni nakala.