"Mtie kundi linalopewa": dhana zinazonichosha kando ya kitanda cha mgonjwa

Wiki iliyopita bibi mmoja alinishika mkono kando ya kitanda cha mjukuu wake. Nilikuwa nimemaliza kumweleza utafiti wetu: watoto wanagawanywa kwa kura, wengine wanapata matibabu ya kawaida pamoja na tiba inayopimwa, wengine wanabaki na ya kawaida. "Mwanangu, nimekuelewa," akasema. "Ila huyu wangu usimpigie kura. Mtie kundi linalopewa."

Ombi hilo nalisikia karibu kila nikifungua fomu ya ridhaa. Wakulima wananiambia, walimu wananiambia, na safari moja aliniambia daktari mwenzangu aliyekuwa anamuuguza mama yake. Wote wanaamini tunajua tayari kinachoponya, na kura ni namna ya kuwanyima wengine. Hatujui! Tungekuwa tunajua, kamati ya maadili, ile inayolinda washiriki wa utafiti, isingeruhusu kura hiyo ipigwe.

Mfano upo hapahapa kwetu, na ningependa kila mzazi aujue. Katika nchi tajiri, mtoto mwenye maambukizi makali ambaye damu haizunguki vizuri (mikono na miguu ya baridi, ukibonyeza ukucha wekundu unachelewa kurudi) alikuwa anatundikiwa maji mengi kwa kasi. Wengi tuliamini watoto wetu wanakufa kwa kukosa hilo tu. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland, ukalipima jambo hilo katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, zikiwemo za Kilifi, Muheza na Mbale. Watoto 3,141 waligawanywa makundi matatu: maji ya chumvi kwa kasi, albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, na kundi ambalo halikupewa maji ya kasi, yale ya polepole tu. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa inafuatilia data ikaamuru usajili usimamishwe. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya kasi.

Soma tena namba hizo. Mzazi aliyetamani "kundi linalopewa" alikuwa anatamani kundi lenye vifo vingi zaidi. Na daktari aliyekuwa anamhurumia mtoto wa kundi la tatu alikuwa anamhurumia aliye salama kuliko wenzake. Uchambuzi uliofuata ulizidi kutushangaza: vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa, wala si maji kujaa mapafuni kama wengi tulivyodhani. Hilo lisingejulikana kwa kukaa na kufikiri.

Msinielewe vibaya. Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika utafiti ule. Anayeharisha hadi macho yameingia ndani anahitaji maji, na anayahitaji haraka. Ninachopinga ni imani kwamba dripu ikikimbia ndiyo uzima. Nimemkuta shangazi wa mtoto amesukuma kigurudumu cha plastiki kwenye mrija kwa kidole gumba, matone yamegeuka uzi, naye anaona amesaidia kwa sababu "yalikuwa yanadondoka polepole mno". Kigurudumu kile usikiguse. Ukiona chupa inakaribia kuisha au haidondoki, mwite nesi, hata ikiwa ni saa tisa usiku.

Mengine niyapitie.

"Akiwekewa oksijeni, huyo haponi." Wagonjwa wengi wanachelewa kuikubali kwa hofu hiyo, halafu wanakufa kwa nimonia, si kwa mashine. Muulize nesi namba ya oksijeni ya damu inayosomeka kwenye kile kibanio cha kidoleni, ndiyo inayotuamulia.

"Nisipotia sahihi watanitoa wodini." Hapana. Ukikataa, au ukijitoa katikati, matibabu yako ya kawaida yanaendelea vilevile.

"Dawa ya bei ndogo haina nguvu." Mwaka 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa wa Korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia, kwa hiyo usikimbilie kuinunua duka la dawa kila ukikohoa. Na kwenye macho, utafiti wa CATT wa Marekani mwaka 2011 ulilinganisha sindano mbili za ugonjwa wa uzeeni wa retina (utando wa nyuma ya jicho): bevasizumabu, ya bei ya chini sana, ililinda uoni sawa na ranibizumabu ya bei ghali.

Kuna swali moja natamani kuulizwa na halijawahi kunijia: "Mambo yakiharibika, nani ana mamlaka ya kuwasimamisha?" Muulize mtafiti yeyote anayekuletea fomu. Akisita, usitie sahihi siku hiyo. Kisha dai nakala yako uende nayo nyumbani, maana inatakiwa iwe na namba ya simu ya kamati ya maadili, na namba hiyo ipo kwa ajili ya kupigiwa na wewe.