Acheni kupima inveta kwa kuinyanyua

Jana tena, dukani Ngarenaro, Arusha, mteja kaishika inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, kaitikisa, kairudisha: "Fundi, nyepesi hii, feki." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Uzito wa inveta za zamani ni chuma na shaba ya transfoma. Kwenye hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, volti inaisukuma sumaku upande mmoja milisekunde 10 nzima kabla ya kugeuka. Kiini chake cha chuma kikiwa kidogo kinajaa sumaku, mkondo unapaa, waya zinaungua. Hizi nyepesi hukata umeme kwa makumi ya kilohezi, yaani makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye kilohezi 50, ule muda ni mikrosekunde 10, kwa hiyo kiini cha feraiti (kauri ya sumaku) cha kukaa kiganjani kinatosha. Hakuna aliyeiba chuma.

Wanaoniudhi zaidi ni wanaosoma ufanisi, asilimia 95 na asilimia 98, wakasema tofauti ni 3 tu. Angalia kinachopotea! Inveta ikitoa wati 2,000, ya 95 inapoteza wati kama 105, zote joto. Ya 98 inapoteza 41. Joto ndilo linaloamua ukubwa wa boksi: mapezi ya kupoozea, feni, nafasi ya hewa kupita. Na Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, haibebi joto kama ya Tanga. Na joto huua kapasita, kile kipande kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi: ikipoa nyuzi 10, umri wake karibu unaongezeka mara mbili.

Masafa, yaani idadi ya kukata umeme kwa sekunde, nayo huwezi kupandisha bure, maana swichi hupoteza nishati kila inapowaka na kuzima. Swichi hizo ni transista, na za galiamu naitraidi, aina mpya zaidi, zimepunguza hilo sana.

Ila kuna kitu masafa hayakigusi. Mwaka 2014 Google walitangaza dola milioni 1 kwa inveta ya kilowati 2 isiyozidi inchi 40 za ujazo. Wabelgiji wa kampuni ya CE+T wakashinda. Kikwazo kikubwa kilikuwa kapasita. Umeme wa fezi moja, huu wa majumbani, hutoka kwa mapigo, kwetu 100 kwa sekunde, wakati betri inatakiwa itoe mfululizo. Tofauti hiyo lazima ihifadhiwe mahali, ndiyo kazi ya kapasita, hata ukate kwa kilohezi 500.

Shaka yangu imebaki kwenye pampu. Mota ikianza huvuta mkondo mara 5 au zaidi ya kawaida. Transfoma ya chuma huumeza; kwenye nyepesi za bei ya chini nakuta transista zimepasuka, bodi nyeusi. Mwenye pampu bado namwambia achukue ya chuma, au anioneshe karatasi inayosema inabeba wati ngapi za kuanzia, na kwa sekunde ngapi.